Stoo ilikuwa mbali, maua yalikuwa mlangoni: kisa cha uwanja mmoja mdogo wa nyuma

Ombi nililopewa lilikuwa fupi. "Tunataka maua. Tumechoka kuangalia vumbi na makorokoro." Aliyesema hivyo ni mama wa nyumba, amesimama kwenye dirisha la jikoni, na nje ya dirisha hilo kila alichokitaja kilikuwa kinaonekana. Baiskeli ya mtoto ilikuwa imelala ubavu juu ya kichaka cha waridi. Toroli lilikuwa limeegemezwa ukutani, limejaa maji ya mvua. Mpira wa kumwagilia ulikuwa umelala kuanzia bombani hadi katikati ya uwanja, na pale ulipopita nyasi zilikuwa zimegeuka manjano.

Uwanja wenyewe una upana wa mita 7.2 na urefu wa mita 9, yaani karibu mita za mraba 65, na umezungukwa na ukuta wa matofali wa mita 1.8. Wanaoutumia ni watu sita: wazazi wawili, watoto watatu wa miaka 4, 8 na 12, na Bibi, ambaye ndiye anayeshinda nyumbani. Maua yaliyokuwapo yalikuwa kwenye tuta moja jembamba la upande wa kulia ukitoka mlangoni. Vitu vilikuwa na stoo ya bati, mita 2 kwa 1.5, kwenye kona ya mbali kabisa. Mtu akiangalia mchoro wa uwanja huo kwenye karatasi angesema umepangwa vyema: uzuri karibu na nyumba, makorokoro nyuma. Nasimulia kisa hiki kwa kirefu kwa kuwa mpangilio huo nimeukuta sehemu nyingi, na mimi mwenyewe niliwahi kuwachorea watu hivyohivyo nikiamini nimewasaidia.

Jumamosi ya daftari na chaki

Kabla ya kuchora chochote niliomba nikae uwanjani Jumamosi nzima, tangu asubuhi hadi giza liingie. Nilikuwa nafuatilia mambo mawili. La kwanza ni kivuli: kila saa nilipita na chaki na vigingi nikaweka alama pale kivuli kilipoishia. Jioni picha ilikuwa wazi. Tuta la maua lililo karibu na mlango lilipata jua chini ya saa 3. Upande wa kushoto ulipata saa 5 hivi. Na ile kona ya mbali yenye stoo, pamoja na ukuta wote wa nyuma, ilipata saa 7. Mimea mingi ya maua yenye rangi kali huhitaji angalau saa 6 za jua la moja kwa moja ili ichanue sawasawa. Kumbe sehemu iliyokuwa na jua la kutosha ilikuwa imekaliwa na bati, na waridi lilikuwa linasinzia kivulini.

La pili ni mwendo wa watu na vitu. Nani katoka na nini, kakiacha wapi. Saa tano asubuhi mtoto wa miaka 8 aliingia mbio, akaruka kutoka kwenye baiskeli kabla haijasimama, ikaangukia palepale kwenye waridi. Nikamwuliza kwa upole kwa nini hakuipeleka stoo. Akanijibu, "Nitaitoa tena sasa hivi."

Nikamwomba anioneshe safari yenyewe, kama tunacheza. Hatua 14 hadi kwenye stoo. Kusogeza ndoo zilizozuia mlango. Kuvuta mlango unaokwama chini, kwa mikono miwili. Kuinua ngazi iliyolala njiani. Kisha kuinua baiskeli juu ya vyungu. Tulitumia dakika nne, na mtoto alishachoka. Kuiangusha kwenye waridi kulichukua sekunde moja. Hakuna mtoto atakayefundishwa akabadilika kwa hesabu hiyo, na nilimwambia baba yake hivyo, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kumwadhibu mara kadhaa kwa ajili ya baiskeli ile.

Bibi alikuwa ananitazama tangu asubuhi akiwa kitini pake. Mchana akaniita. "Mwanangu, wewe unaandika sana. Andika na hili: hapa hapana uchafu. Pana vitu visivyo na kwao."

Alasiri tuliitoa stoo vitu vyote, tukavitandaza chini. Kulikuwa na makopo ya rangi iliyokwisha kukauka, vigae vilivyobaki wakati wa ujenzi, kitanda cha mtoto kilichovunjika mguu, magunia, vyungu vilivyopasuka. Karibu kila kitu kilichokuwa ndani hakuna aliyekigusa kwa zaidi ya mwaka. Na vyote vinavyotumika kila siku, yaani baiskeli, mipira, mkebe wa kumwagilia, reki, viatu vya kuchezea, vilikuwa nje. Stoo ilikuwa inahifadhi visivyotumika, na vinavyotumika vilikuwa havina stoo.

Sakafuni, nyuma ya magunia, palikuwa na chupa ya dawa ya kuua magugu, kifuniko hakijakazwa. Kimo cha mtoto wa miaka 4 akiwa amechuchumaa. Hiyo haikusubiri mchoro. Iliondoka siku hiyohiyo, ikaingia kwenye kabati la juu lenye kufuli ndani ya nyumba.

Kugeuza uwanja

Nilirudi na karatasi moja yenye michoro miwili tu. Wa kwanza ulionesha kivuli. Wa pili ulionesha, kwa nukta, mahali ambapo kila kitu kiliachwa Jumamosi ile, na nukta zilikuwa zimejazana ndani ya mita tatu kutoka mlangoni. Ukipandisha mchoro mmoja juu ya mwingine unaona kwamba pale penye kivuli ndipo watu wanapotua vitu. Vitu havihitaji jua. Maua yanahitaji jua, na hayahitaji kufikiwa kwa mkono mara ishirini kwa siku, yanahitaji kuonekana.

Basi pendekezo langu likawa kuugeuza uwanja. Stoo ije mlangoni, maua yaende mwisho.

Mama hakufurahi, na sikumlaumu. Alisema, "Kwa hiyo nikitoka tu nakutana na kabati?" Nilimpeleka dirishani jikoni. Nikamwomba aniambie macho yake yanatua wapi anapoosha vyombo. Yalitua mbele moja kwa moja, kwenye bati la stoo. Ukuta wa kulia, ambako kabati lingejengwa, haukuonekana kabisa kutoka pale, kwa sababu unaanzia ubavuni mwa mlango. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema tuendelee.

Kabati la ukutani

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo wengi wanapoharibu kwa kununua kabati kwanza halafu kutafuta la kuweka. Sisi tulianza na vitu. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa mita 1.8 hivi, na usukani wake una upana wa sentimita 60 hivi. Kwa hiyo kabati lenye kina cha sentimita 75 linaipokea ikiwa imesimama sambamba na ukuta, na nafasi ya kupitisha vidole inabaki. Urefu wote wa kabati ni mita 3.6, limegawanywa vyumba vitatu.

Chumba cha kwanza, kilicho karibu kabisa na mlango wa nyumba, ni cha baiskeli, na hakina mlango. Baba alitaka mlango, nami nilishikilia msimamo wangu. Mlango ni hatua moja ya ziada, na hatua moja inatosha kuirudisha baiskeli kwenye waridi. Badala yake tulifunga pete nene ya chuma ukutani ya kupitisha mnyororo na kufuli usiku. Baiskeli ndogo mbili zinaning'inia kwenye kulabu, moja imeelekea huku na nyingine kule, ili sukani zisigongane. Kulabu za mtoto wa miaka 8 zimefungwa kwa kimo chake yeye, si changu. Nilimsimamisha ukutani, nikamwambia ainue baiskeli hadi pale mikono inaposema basi, nikaweka alama ya chaki hapo.

Chumba cha kati kina milango miwili na ni cha zana. Jembe, reki, koleo, uma wa kutifulia, mkasi wa kupogolea, kila kimoja kina kulabu yake, na ubaoni nyuma yake tulichora umbo lake kwa rangi nyeupe. Kikikosekana, umbo tupu linakutazama. Juu, sentimita 140 kutoka sakafuni, kuna rafu yenye mlango wake na kufuli lake, ambako dawa na mbolea za chumvichumvi huwekwa zikiwa kwenye vyombo vyake vya asili vyenye maandishi. Kimo peke yake hakitoshi, kwani mtoto wa miaka 4 hupanda. Ndiyo maana kufuli lipo.

Chumba cha tatu kina rafu za chini zilizo wazi, zenye visanduku vya wavu wa chuma kwa ajili ya mipira na vitu vya kuchezea. Wavu unapitisha mchanga na maji. Sanduku la plastiki lisilo na tundu huhifadhi matope chini yake, na baada ya wiki chache watoto hawataki tena kuingiza mkono.

Mambo ya unyevu tuliyapa uzito mkubwa. Kabati limeinuliwa sentimita 8 juu ya vipande vya tofali ili hewa ipite chini. Lina matundu chini na juu, yamezibwa kwa wavu mdogo wa kuzuia panya. Sakafu mbele yake ina mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 60, kuelekea mbali na nyumba. Paa linainamia mbele, na mfereji mdogo unapeleka maji kwenye pipa la lita 200. Eneo la paa ni kama mita za mraba 3.2, kwa hiyo mvua ya milimita 10 huleta lita 32 hivi. Si maji mengi, lakini yanatosha vyungu. Lita 200 za maji ni kilo 200, hivyo pipa limewekwa juu ya msingi wa saruji, na kifuniko chake kinafungwa kwa skrubu, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya mtoto.

Baba alikuwa ameona mahali fulani picha ya paa lililopandwa majani, akalitaka. Tukapiga hesabu pamoja. Udongo wa kina cha sentimita 10 kwenye mita za mraba 3.2 ni thuluthi moja ya mita ya ujazo, na udongo uliolowa wa kiasi hicho hukaribia nusu tani. Kabati la mbao tulilolichora lisingebeba mzigo huo. Tulikubaliana kuacha paa kama lilivyo, na badala yake kupanga mbele ya kabati, kati ya chumba cha pili na cha tatu, vyungu vitatu vikubwa vya mimea ya kivulini: kangaga na impatiensi nyeupe.

Mpira wa kumwagilia ulipata gurudumu lake la kuuzungushia, limefungwa ukutani palepale penye bomba. Hiyo ilichukua nusu saa, na ndiyo badiliko ambalo Bibi alilishukuru zaidi, kwa kuwa mara mbili mpira ule ulikuwa karibu umwangushe.

Udongo chini ya stoo

Stoo ya zamani ilipoondolewa tulikuta sakafu ya saruji, na chini ya saruji udongo mgumu kama tofali. Nilichimba shimo la kina cha sentimita 30, nikalijaza maji, nikaacha yaishe, nikalijaza tena na kupima. Kwa saa nzima maji yalishuka sentimita 1 tu. Udongo unaopitisha maji vizuri hushusha sentimita 2.5 au zaidi kwa saa. Kupanda pale moja kwa moja kungekuwa kuoza mizizi.

Tulisubiri udongo ukauke kiasi, maana kuutifua ukiwa umelowa huuharibu zaidi, kisha tukautifua kwa uma bila kuupindua, tukachanganya mboji ya unene wa sentimita 8, na kuinua tuta lote la nyuma kwa sentimita 25 kwa matofali. Tuta hilo lina urefu wa mita 7.2, upana mzima wa uwanja, na mita 1.2 kutoka mbele hadi nyuma. Mkono wa mtu mzima hufika sentimita 60 hivi bila kukanyaga, kwa hiyo nyuma ya tuta, chini ya ukuta, tulilaza vile vigae vilivyotoka stooni viwe njia ya kupitia wakati wa kupalilia. Havionekani kutoka nyumbani.

Katikati pamebaki uwanja wa nyasi wa mita 5 kwa 4. Sikuweka kitu chochote pale. Watoto wanauhitaji ukiwa mtupu.

Rangi, na jicho linalozitazama

Nilipouliza kila mmoja anapenda rangi gani nilipata majibu sita tofauti, na mtoto mdogo alisema "zambarau yote". Kama ningewapa wote walichotaka kwa kuchanganya, tungepata tuta lenye kelele ambalo jicho halijui litue wapi. Nilichofanya ni kuuliza swali jingine: unatazama bustani ukiwa wapi, na saa ngapi?

Mama anatazama kutoka dirishani, asubuhi na mchana, umbali wa mita 9. Kwa umbali huo ua mojamoja halionekani. Kinachoonekana ni fungu. Kwa hiyo mbele ya dirisha lake tulipanda kwa mafungu makubwa: kana wa majani ya hudhurungi na maua ya rangi ya chungwa nyuma, haibiskasi mwekundu pembeni, na mbele yao zinia za manjano, nyekundu na za chungwa, fungu moja lenye mashina kumi na mawili. (Mimea hii ilifaa hali ya hewa ya pale. Mwenye msimu wa baridi kali atatafuta mingine yenye rangi na kimo kama hicho, mpangilio hauharibiki.) Zinia ilipewa jina hilo kwa heshima ya Johann Gottfried Zinn, tabibu Mjerumani aliyefariki mwaka 1759 akiwa na miaka 31, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza maumbile ya jicho la binadamu. Kila nikiipanda namkumbuka. Hakuna ua linalolipa jicho kazi rahisi zaidi kuliko hilo.

Bibi anatazama akiwa amekaa, upande wa kushoto, na muda wake mkubwa ni jioni, jua linapozama. Hapa nilikuwa na hakika ya jambo moja ambalo watu huwa hawaliamini hadi walione. Mwaka 1825 Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia (leo Jamhuri ya Cheki), alieleza kwamba mwanga unapofifia, rangi nyekundu huwa za kwanza kuzama katika weusi, na rangi za bluu huonekana kung'aa kuliko zilivyokuwa mchana. Sababu iko ndani ya jicho: chembe zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu ni nyepesi kuhisi bluu na kijani, na karibu hazihisi nyekundu kabisa. Kwa hiyo haibiskasi mwekundu, ambaye saa saba mchana ndiye mfalme wa tuta, jioni ni shimo jeusi.

Nilimwonesha Bibi kwa ua moja jekundu na ua moja la bluu juu ya goti lake, tukakaa tukizungumza hadi giza likaanza. Aliyageuzageuza. "Hili limekufa," akasema akinyoosha lile jekundu, "na hili limewasha taa." Upande wake tulipanda salvia ya bluu, kosmosi nyeupe, petunia nyeupe, na asumini ukutani kwenye nyaya zilizoachana sentimita 40, kwa kuwa harufu yake huzidi jioni. Mtoto mdogo alipata zambarau yake hapo, kwenye petunia, karibu na miguu ya bibi yake.

Kuna mimea niliyokataa. Oleanda ilikuwa tayari imeota kando ya ukuta, ina maua ya kupendeza, nayo ni sumu kila sehemu yake, majani, maua, hata shina. Pale penye mtoto wa miaka 4 niliona haina mjadala. Tuliing'oa tukiwa tumevaa glavu na hatukuichoma, maana hata moshi wake unadhuru. Bogenvilia niliikataa kwa sababu ya miiba tu. Mpira ungeingia humo kila siku na mikono ya watoto ingeufuata.

Yaliyokwenda vibaya

Benchi la Bibi lilikuwa pia sanduku, mita 1.8 kwa sentimita 45, kimo sentimita 45, la kuwekea mito na mikeka. Nililisanifu mimi, na nilikosea mara mbili. Kifuniko kilikuwa kipande kimoja, kizito, chenye bawaba za kawaida. Wiki ya pili kilianguka karibu na vidole vya mtoto mdogo. Hakuumia, lakini nilikosa usingizi. Nilirudi nikakigawa vipande vitatu vyepesi, nikaweka mikono ya gesi kama ile inayoshikilia mlango wa nyuma wa gari, na vizuizi vya mpira vinavyoacha mwanya wa vidole hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Mtu yeyote anayetengeneza sanduku la kukalia kwenye nyumba yenye watoto aanze na hayo.

Kosa la pili lilikuwa unyevu. Matundu ya kabati nilikuwa nimeyafikiria sana, ya benchi nikayasahau, na mito ikaota ukungu mwezi wa kwanza wa mvua. Tulitoboa matundu pande mbili zinazotazamana na kuweka chaga ya mbao ndani ili mito isiguse sakafu. Tangu hapo iko kavu.

Zinia nazo ziliugua. Majani yalianza kuwa na unga mweupe, ambao ni ubwiri unga, na sababu ilikuwa haraka yangu ya kutaka tuta lijae upesi: nilizipanda kwa kuachana sentimita 15. Hewa haikupita. Tulizipunguza hadi sentimita 30, tukaacha kumwagilia majani na kumwagilia chini tu, asubuhi, tukaondoa majani yaliyoathirika. Chanua ya pili ilikuwa safi. Tuta lilichelewa kujaa kwa wiki tano hivi, na matandazo ya unene wa sentimita 6 yalifunika udongo wakati huo, yakiwa mbali kidogo na mashina.

Na kulikuwa na lalamiko la mama, ambalo kwangu lilikuwa zuri kuliko yote. Mwezi wa tatu alisema waridi lake, lile la zamani tulilolihamishia mwisho wa tuta, limepauka. Alilikumbuka likiwa la pinki yenye nguvu. Nilikwenda kuliangalia: mmea ulikuwa na afya, maua makubwa, lakini kweli, ukiwa dirishani lilionekana kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Jirani yake walikuwa zinia wa rangi ya chungwa.

Jambo hilo lina historia. Michel-Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa, alipokuwa akisimamia kazi ya rangi kwenye karakana ya Gobelins, Paris, iliyokuwa ikifuma mazulia ya kutundika ukutani, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilizotiwa rangi pale hazina nguvu. Alizipima, akakuta nyuzi hazina kasoro. Kilichokuwa kinazipunguza ni rangi za nyuzi zilizolala kando yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo kamili ya namna rangi mbili zikikaa pamoja kila moja huibadilisha nyingine machoni. Waridi la mama lilikuwa na tatizo la nyuzi za Gobelins. Hatukulitia mbolea, hatukununua jingine. Tulilisogeza mita mbili kushoto, likakaa mbele ya lavenda wenye majani ya kijivu. Kesho yake asubuhi alinipigia simu akiwa dirishani. Nilisikia maji ya bomba yakiendelea kutiririka alipokuwa anasema.

Mwaka mmoja baadaye

Nilirudi Jumamosi, kwa makusudi, na daftari lilelile. Nilihesabu vitu vinne vilivyo nje ya mahali pake, kimojawapo kikiwa kiatu cha baba. Baiskeli zilikuwa kwenye kulabu. Hakuna aliyeniambia kwamba watoto wamekuwa na adabu zaidi. Baba alisema tu kwamba siku hizi hagombani na mtu kuhusu baiskeli. Chumba cha tatu cha kabati kimeanza kupokea vitu visivyo vyake, betri za zamani na kamba, na nimewashauri wakitoe chote kila baada ya miezi sita, kama tulivyofanya Jumamosi ya kwanza, kwa kuvitandaza chini mtu aone.

Kiti cha Bibi kimesogea. Nilikiweka mimi kwenye kona ya benchi, yeye amekivuta hadi mbele kabisa ya salvia, karibu nusu mita ndani ya nyasi, na watoto wamehamisha mstari wa goli ili kumpisha.

Mtoto aliyekuwa na miaka 8 sasa ana 9, na baiskeli yake imeanza kumwonea aibu. Magoti yanakaribia usukani. Itakapokuja kubwa, kulabu zake zitapanda sentimita 20. Matundu ya skrubu ya juu niliyatoboa siku ileile tulipofunga yale ya chini, nikayaziba kwa vijiti vya mbao. Nilimwonesha yalipo. Ameyawekea alama ya kalamu.